Mahali pa Kumlaza Oyugi

Siku Oyugi alipokufa, mkewe Selpha alikuwa kwenye waya za kuanikia mkonge. Nyuzi zikishaning'inizwa pale huwa nyeupe na ndefu, na mwanamke aliye katikati yake hamwoni anayekuja mpaka amfikie. Kwa hiyo alisikia viatu kwanza, kisha sauti ya nyapara.

"Shemeji, wacha hiyo kazi. Njoo."

Nyapara Okoth hakuwa mtu wa kumwambia mfanyakazi aache kazi. Selpha akajua.

Oyugi alikuwa wa chumba cha brashi, pale mashine inaposugua nyuzi zilizokauka na vumbi kujaa hewani hadi mtu akitoka nje anaonekana ametoka kwenye gunia la unga. Kifua chake kilianza kumsumbua zamani, taratibu, kama mgeni anayekuja kila mwaka na kukaa zaidi. Asubuhi hiyo aliketi kando ya marobota, akaomba maji. Maji yalipoletwa, hakuwa mtu wa kunywa tena.

Shamba lenyewe liko nje ya Voi, na wafanyakazi hawaliiti kwa jina lake. Huliita Kampuni, basi. Ukisimama langoni unaona mkonge mpaka mahali mbingu inapoanza. Babu yake Oyugi alitoka Ugenya, kwao Wajaluo huko bara, kuja kufanya kazi ya reli, baadaye akaingia kwenye mkonge, na tangu hapo ukoo mzima ulizaliwa katika zile nyumba za safu za Kampuni tunazoziita laini. Oyugi alizaliwa laini, akaoa laini, akamlea binti yao Sheila laini. Aliwahi kwenda Ugenya akiwa mtu mzima kutafuta watu wake. Walimpokea vizuri, wakamchinjia kuku, wakampa kiti kizuri ndani ya nyumba. Aliporudi alimwambia Selpha, "Nilipoona kile kiti nikajua mimi ni mgeni. Mwenyeji hukaa popote."

Katika miaka yake ya mwisho Oyugi alikuwa mkomunisti. Nalisema wazi kwa sababu Selpha mwenyewe wakati ule alikuwa akilisema kwa kunong'ona, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. Kila Jumapili alasiri, Oyugi alikwenda mjini kwenye kibanda cha Donald, Mtaita aliyekuwa karani wa reli mpaka kazi zilipokatwa, akabaki akitengeneza redio na simu. Pale walikaa watu wachache kwenye mabenchi, wakasoma, wakabishana. Selpha alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Mchungaji wake alikuwa amehubiri kwamba wakomunisti hawana Mungu, naye aliona haya mume wake kuonekana na watu hao saa ambayo wengine walikuwa wakitoka kwenye kwaya.

"Mkonge huu unaondoka hapa unakuwa kamba za meli na mazulia ya watu wenye nafasi," Oyugi alikuwa akisema wakila. "Sisi tunabaki na vumbi. Na unajua ni kwa nini? Sababu aliye na ardhi na mashine ndiye aliye na wewe."

"Kula, ugali unapoa."

"Mzungu alipoondoka hakutuachia shamba. Alimuuzia mkubwa wetu. Uhuru ulibadilisha sura ya mwenye shamba, laini ikabaki laini."

"Yesu alisema maskini tutakuwa nao siku zote, Baba Sheila."

"Alisema tutakuwa nao. Hakusema tuwatengeneze."

Hapo Selpha alicheka bila kutaka, kisha akajikemea. Lakini kulikuwa na neno moja la mumewe ambalo hakulicheka wala hakuliamini. Oyugi alikuwa akisema, "Sisi hatuna hata pa kuzikwa." Selpha aliona hayo ni maneno ya siasa, ya kutia chumvi. Baba yake Oyugi, Mzee Ogutu, alikuwa amezikwa palepale Kampuni, kwenye makaburi ya wafanyakazi. Selpha alikuwepo. Alimwona akishushwa na bamba la saruji likiwekwa juu. Pa kuzikwa palikuwepo, tena Oyugi mwenyewe alishamwambia kwamba angependa kulala kando ya baba yake.

Basi mwili ulipopelekwa mochari, Selpha alivaa kitambaa kichwani akaenda ofisini kuonana na meneja. Meneja aliitwa Titus, kijana mwenye adabu, aliyesomea kilimo. Alisimama Selpha alipoingia. Akampa pole, akamvutia kiti.

"Tunataka kumlaza na baba yake," Selpha alisema. "Pale kwenye makaburi ya zamani."

Titus alitazama meza. "Mama, lile eneo lilifungwa kabla mimi sijaja. Hakuna mazishi ndani ya shamba. Ni amri ya wenyewe."

"Wenyewe gani?"

"Wenye shamba."

Selpha alikuwa amefanya kazi pale tangu usichana na hakuwahi kuwaona wenye shamba. Alisikia tu kwamba ni familia ya mkubwa fulani wa Nairobi. Aliuliza kama angeweza kuongea nao. Titus akatabasamu kwa huzuni, kama mtu aliyeulizwa na mtoto kama mvua ina mlango.

"Tutawasaidia na jeneza," alisema. "Na lori la kuwapeleka makaburi ya umma. Sasa naomba unielewe pia, mama. Nyumba ya laini ni ya mfanyakazi wa brashi. Wewe ni kibarua wa kuanika, huna haki ya nyumba. Mkishamaliza matanga tutaihitaji."

Selpha alitoka. Baadaye alieleza kwamba hakukasirika siku ile. Alikuwa ameduwaa tu. Alifika nyumbani, akasimama mlangoni akiutazama mlango kama hajawahi kuuona, na majirani waliokuja kumfariji wakadhani analia.

Wakio ndiye aliyemshika mkono akamwingiza ndani. Wakio ni Mtaita wa Marungu, walikuwa wakianika mkonge pamoja, na kwa miaka mingi walikula chakula kutoka kwenye sufuria moja.

"Tutamzika kwetu," Wakio alisema. "Marungu. Nina sehemu yangu kwa shamba la baba."

"Wakio, mimi ni Mjaluo."

"Kwani nimekuuliza kabila?"

Walikwenda Marungu kesho yake. Kaka yake Wakio, Sylus, aliwapokea kwa chai, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mama Sheila, pole sana. Sina ubaya na wewe. Lakini kaburi ni hati. Leo ukizika, kesho watoto wa marehemu wakija kusema baba yetu yuko hapa, nitawaambia nini? Tazama." Akaonyesha kwa mkono. "Sisi ndugu tumegawana mpaka mtu akinyoosha miguu anafika kwa mwenzake. Kule ni ranchi ya watu. Kule ni hifadhi. Ndovu ana nafasi kunishinda mimi. Unataka niikate hii nayo?"

"Sylus!" Wakio alipiga kelele. "Huyu mtu amekufa!"

"Na sisi tunaishi," Sylus alijibu. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Njiani kurudi, Wakio ndiye aliyelia. Selpha hakuweza. Mtu wa kwanza kumnyima alikuwa na ardhi isiyoonekana mwisho. Wa pili alikuwa na kipande cha kupanda mahindi tu. Naye akajikuta amekasirishwa zaidi na huyu wa pili. Alipopita mjini aliingia kwa Donald, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akamweleza. Donald alikuwa ameshika simu iliyofunguliwa, na hakuiweka chini muda wote.

"Sylus si adui yako," alisema.

"Amenifukuza na maiti!"

"Amekufukuza kwa sababu naye ameachiwa makombo. Watu wawili walionyang'anywa wakigombania makombo, aliyewanyang'anya hulala vizuri. Oyugi alikuwa anaelewa hilo kunishinda mimi."

Selpha aliona maneno hayo ni baridi mno kwa mjane. Aliondoka ameamua kukubali lori la Titus na makaburi ya umma, yaishe. Alitaka jambo moja tu, achukue udongo kidogo kutoka kwenye kaburi la Mzee Ogutu, aumwage juu ya jeneza, ili baba na mwana wawe wamekutana hata kama ni kwa vumbi.

Eneo la makaburi lilikuwa upande wa mbali wa shamba. Lilizungushiwa seng'enge miaka kadhaa nyuma, na wafanyakazi wa laini waliambiwa kwamba Kampuni inalilinda dhidi ya ndovu. Kazi za upande ule zilifanywa na vibarua wa kuletwa kwa malori kutoka mbali, na watu wa laini hawakuwa na shughuli huko. Waliokufa baada ya hapo walisafirishwa na jamaa zao wa bara, au walikwenda makaburi ya umma, na hakuna aliyeuliza. Siku mbili kabla ya mazishi, asubuhi, Selpha na Wakio walishika njia ya miguu, wakainama chini ya seng'enge, wakaingia.

Kulikuwa na mkonge.

Selpha alidhani amepotea njia. Alirudi hadi kwenye seng'enge, akatafuta ule mkwaju ambao wakati wa mazishi ya mkwewe walikaa kivulini mwake. Mkwaju ulikuwepo. Akahesabu kwa macho kutoka pale hadi mahali kaburi lilipokuwa, akaenda, akafika kwenye mche wa mkonge unaomfika kiunoni, wenye majani mazuri, yenye afya. Kulia mkonge. Kushoto mkonge. Safu zilikuwa zimenyooka kama zimepigwa kamba. Hapakuwa na msalaba, hapakuwa na tuta, hapakuwa na jiwe.

"Labda waliwahamisha," Wakio alisema kwa sauti ndogo.

"Wawahamishe wapi? Bila kutuambia?"

Ndipo Okoth akatokea kwenye pikipiki ya Kampuni. Mlinzi alikuwa amempigia simu kwamba kuna wanawake ndani ya shamba. Alikuwa anafoka kabla hajazima injini.

"Shemeji, huku hakuruhusiwi! Mnataka niandikiwe barua mimi?"

"Okoth," Selpha alisema. "Makaburi yako wapi?"

Okoth alifungua mdomo, akaangalia. Nadhani alikuwa hajawahi kuangalia. Sehemu hii haikuwa chini yake, na yeye aliamini habari ya ndovu kama wengine wote. Mama yake mzazi alikuwa amelala pale. Alishuka kwenye pikipiki, ikaanguka nyuma yake, naye hakugeuka.

Walianza kutafuta wote watatu, bila kuambiana, wakiinama kati ya miiba. Wakio aliufuata mtaro wa maji unaopita mwisho wa safu. Juu ya mtaro ule vibarua walikuwa wamelaza mabamba ya saruji ili wavuke na mizigo yao. Bamba moja lilikuwa na pete ya chuma ubavuni, ya kushikia shada la maua. Wakio akaita.

Okoth na Selpha walilishika upande mmoja, Wakio upande wa pili. Lilikuwa zito. Lilipogeuka, upande wa chini ulikuwa na tope na konokono, na chini ya tope palikuwa na herufi zilizoandikwa kwa kijiti wakati saruji ikiwa mbichi. Selpha alizifuta kwa kitambaa chake cha kichwani. Alikuwa anazijua. Oyugi ndiye aliyeziandika, akiwa kijana, na herufi G aliikosea akaiandika upya. OGUTU.

"Yawa, jamani," Okoth alisema. Aliinua bamba lililofuata peke yake, na la tatu, mikono ikimtoka damu, na la tatu lilipogeuka akaketi kwenye tope. Nyapara ambaye watu wazima walikuwa wakikimbia kivuli chake aliketi na miguu ndani ya mtaro, akiweka kiganja juu ya jina la mama yake, kisha akikiondoa, kisha akikiweka tena.

"Wanatembea juu yake," alisema mwishowe. "Shemeji, wanatembea juu yake wakienda kazini."

Selpha alisimama. Aliniambia kwamba kitu cha kwanza kilichomjia si hasira wala huzuni. Aliisikia sauti ya Oyugi ikisema kwa utulivu wake ule wa mezani, sisi hatuna hata pa kuzikwa, na kwa mara ya kwanza akajua kwamba mtu yule hakuwa anatia chumvi. Alikuwa anasema jambo kama lilivyo. Na kama hilo lilikuwa kweli, basi na yale mengine?

Habari zilifika laini kabla ya chakula cha mchana. Watu waliacha mashine. Kwa kumbukumbu ya watu wa pale, hilo halikuwa limewahi kutokea, hata wakati wa madai ya mishahara. Walikwenda kuona kwa macho yao. Kila aliyegeuza bamba alipata mtu wake, au mtu wa jirani yake. Wengine walipiga mayowe. Wengi walinyamaza tu, na huo ukimya ndio uliomtisha Titus alipofika na gari. Alitazama mabamba, akatazama watu, akasema, "Mimi sikujua. Naapa sikujua." Yaonekana kweli hakujua. Alirudi ndani ya gari, akapiga simu, akaongea muda mrefu madirisha yakiwa yamefungwa.

Donald alikuja na wenzake alasiri. Watu walitarajia angewasha moto. Badala yake alipangusa miwani, akashauri wasubiri.

"Tutafute wakili. Tuandike kwa kamishna wa kaunti. Mkizika hapa kwa nguvu mtashtakiwa kwa kuingia shamba la watu, na Kampuni itapata la kusema."

Selpha alimtazama kwa mshangao. "Komredi Donald," alisema, na hilo neno alilitamka kwa mara ya kwanza. "Jumapili zote hizo mlikuwa mnasoma nini?"

Mtu mmoja akacheka. Donald hakucheka.

"Mlimfundisha mume wangu kwamba ardhi hii imelipiwa na jasho letu. Alikufa akiamini. Sasa mimi nikingoja wakili, yeye angoje wapi? Kesho kutwa naja na jeneza. Nitapita langoni mchana, watu wakiniona. Anayetaka kunisindikiza anisindikize."

Donald aliivaa miwani tena. "Sawa," alisema. "Basi tutachimba."

Siku ya mazishi jeneza halikuja na lori la Kampuni. Lilibebwa mabegani, Selpha na Sheila wakilifuata. Kulitokea mzozo mdogo: wenzake Oyugi walileta bendera nyekundu ya kumfunika, na mchungaji akakataa kuomba juu yake. Selpha aliitandaza bendera mwenyewe, kisha akaweka Biblia yake juu ya bendera. "Vyote vilikuwa vyake," alisema. Mchungaji alisita, akalitazama bamba la Mzee Ogutu lililokuwa limesimamishwa pale, akavua kofia. Mzee Ogutu alikuwa muumini wa kanisa lake.

Okoth aling'oa mkonge. Nyapara ndiye aliyepiga sururu ya kwanza, na kwa wafanyakazi hilo lilikuwa kama kuona mto umegeuka kupanda mlima. Walipochimba walikwenda polepole, kwa hofu ya watakachokigusa. Na kweli walikigusa: mfupa mmoja, halafu vipande vya ubao. Wakio alivifunika kwa leso. Wakasogeza shimo pembeni kidogo, wakaendelea.

Polisi walifika udongo ukiwa umeanza kurudishwa. Mkuu wao alishuka, akauliza nani ameruhusu. Selpha alimwongoza hadi mtaroni bila kumjibu, akamwonyesha mabamba, jina kwa jina. Afisa yule aliyasoma yote. Kisha akawaambia watu wake wangoje kwenye gari mpaka wimbo uishe. Wimbo ulipoisha alimkamata Selpha, na Okoth, na Donald, kwa sababu aliyemtuma alikuwa na nguvu kumshinda. Njiani aliwanunulia maji.

Walishtakiwa kwa uharibifu wa mali na kuingia shamba bila idhini. Kesi inaendelea hadi leo. Huahirishwa, husomwa, huahirishwa tena. Walipewa dhamana. Selpha na Okoth waliachishwa kazi wiki ileile, na Selpha alitolewa kwenye nyumba ya laini, vyombo vyake vikawekwa nje kwa mpangilio mzuri, kwa amri ya Titus, ambaye miezi michache baadaye aliondoka naye pia. Lakini kaburi la Oyugi halikuguswa. Picha za yale mabamba zilikuwa zimeenea kwenye simu za watu, na Kampuni ikaona ni heri kulizungushia eneo lile uzio mpya na kuacha lango lisilofungwa kwa kufuli. Mkonge haujang'olewa wote. Watu hupita kati ya miiba kuweka maua.

Sylus alikuja mjini kumtafuta Selpha, amebeba gunia la pojo za shambani kwake. Hakuomba msamaha, wala Selpha hakumdai. Waliongea juu ya ranchi, na mipaka, na nani hasa aliichora. Sasa Sylus huketi kwenye benchi la Donald kila Jumapili, na inasemekana ndiye mbishi kuliko wote.

Selpha amepanga chumba Voi, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Bado anaongoza akina mama kanisani. Wawili walihama kikundi wakisema hawawezi kuombewa na mkomunisti, akawaambia mlango uko wazi. Watu wasio na ardhi walipounda chama chao walimchagua mwenyekiti. Amekwenda Makwasinyi kuongea na wakulima wanaoliwa mazao na wanyama, na mwaka huu alikwenda Mahoo, upande wa Taveta, kwenye kambi moja ya vibarua wanaoishi ukingoni mwa shamba la mtu.

Alisimulia kule habari ya Oyugi, kama nilivyoisimulia hapa, ila yeye kwa maneno machache. Alipofika kwenye mabamba alitarajia watu washtuke, kama wanavyoshtuka kila mahali. Hawakushtuka. Walimsikiliza kwa heshima. Akadhani pengine Kiswahili chake hakieleweki.

Mwishoni mwanamke mmoja aliyekaa mbele aliinua mkono. Alikuwa rika lake Selpha, na mikono yake ilikuwa kama ya Selpha.

"Mwenyekiti, nataka kuuliza," alisema. "Ina maana ninyi kwanza mliruhusiwa kuwa na makaburi?"

Selpha alivuta benchi mpaka walipokuwa magoti kwa magoti na yule mwanamke, akaketi, akamwambia, "Niambie wa kwenu mliwaweka wapi."